Msumari Mlangoni pa Bawabu

Fundi wa makochi alikuwa mwanamke. Jambo hilo liliwashangaza wateja wapya tu. Walifika bandani, wakamwona mwanamume anakata sponji, wakamwamkia yeye kwanza: "Habari za kazi, fundi?" Mwanamume alicheka, akaelekeza kisu kwa mkewe.

"Fundi ni huyo," alisema. "Mimi nakata ninachoambiwa nikate."

Mtaa mzima ulimwita mwanamume huyo Sponji. Wengine walisema ni kwa sababu ya kazi yake. Wengine walisema ni kwa sababu ya moyo wake, maana alikuwa mtu laini asiyejua kununa. Mkewe aliitwa Fundi, basi. Walikuwa na binti mmoja, Kadogo, aliyesoma shule ya msingi. Mama mzazi wa Sponji aliishi nao pia. Banda la kazi lilikuwa mbele ya nyumba, na tangu asubuhi mtu aliyepita njiani alisikia nyundo: ta, ta, ta.

Fundi alikuwa hodari. Kitambaa alichokivuta yeye hakikubaki na kunyanzi hata moja. Lakini kazi ile inataka mikono mitatu. Mkono wa kushoto unavuta kitambaa. Mkono wa kulia unashika nyundo. Je, misumari itashikwa na nani? Baba yake, aliyemfundisha kazi, alikuwa akiiweka mdomoni. Yeye naye akaiweka mdomoni. Ulimi uligeuza msumari, kichwa chake kikatokeza kati ya midomo, vidole vikauchukua, nyundo ikagonga. Alifanya hivyo miaka nenda miaka rudi na hakuwahi kumeza hata mmoja. Mazoea yana tabu. Hatari ambayo haikukupata jana, leo unaiona si hatari tena.

Siku moja waliamka mapema kuliko kawaida. Kochi la watu watatu lilitakiwa jioni, na kitambaa cha mgongoni kilikuwa bado. Fundi hakutaka hata chai. Alikunywa maji, akajaza misumari mdomoni, akaanza kugonga.

Sponji alikuwa na hadithi, kama kawaida yake.

"Unamjua yule mteja wa jana?" alisema. "Alinivuta pembeni. Akaniambia, 'Nitengenezeeni kochi zuri la kutazama, baya la kukalia. Mashemeji zangu wakija hawaondoki.'"

Fundi alitikisa kichwa, nyundo haikusimama.

"Nikamwambia, basi tutakuachia springi moja uchi, katikati. Shemeji atakaa hivi." Sponji akakaa juu ya fremu tupu ya kochi jingine. Akakunja uso, akainua tako moja polepole, akajitahidi kutabasamu kama mgeni mwenye adabu. "'Ah, shemeji! Kochi lako hili... lina... lina uhai!'"

Kicheko kilimjia Fundi ghafla, na mdomo ulikuwa umejaa misumari. Alivuta pumzi kwa nguvu. Akakohoa. Nyundo ikaanguka. Akainama, akatema misumari yote kiganjani, akasimama akiwa ameshika koo.

Sponji bado alikuwa anacheka. "Nilijua hiyo itakuweza!"

"Nimemeza," alisema Fundi.

"Umemeza nini?"

"Msumari, Baba Kadogo. Nimemeza msumari. Nimeusikia ukishuka."

Kicheko cha Sponji kilikatika. Alitazama misumari iliyobaki kiganjani mwa mkewe. Ilikuwa midogo, yenye kichwa kipana na ncha kali kama sindano. Alijua ukali wake, maana ilikuwa imemchoma vidole mara nyingi. Sasa mmoja ulikuwa ndani ya tumbo la mke wake, na yeye ndiye aliyemchekesha.

Mama mkwe alitoka ndani aliposikia sauti zao. Watu wote walimwita Bibi. Alikuwa mwanamke wa vitendo, hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alipoelezwa, alirudi jikoni moja kwa moja, akaja na mkate mzima na ndizi mbivu.

"Kaa chini, mwanangu," alimwambia Fundi. "Ule. Mkate unauvika msumari nguo, ndizi inautelezesha. Ukila ukashiba, chakula kitausukuma nje chenyewe. Sisi tulifanyiwa hivyo, na tupo."

"Mama, sina njaa."

"Nani amekuuliza njaa? Hii ni dawa. Kula."

Ni vigumu kukataa chakula kinacholetwa na mama mkwe. Fundi alikula. Sponji alikaa mbele yake, anamenya ndizi na kumpa, anamenya na kumpa, utadhani analisha kifaranga. Alimwambia, "Kula, mke wangu. Sukuma. Ongeza na hii." Fundi alikula mpaka akahema.

Walikuwa hapo jirani yao alipofika, amebeba kigoda kilichochanika kitambaa. Jirani huyo alikuwa nesi. Alifanya kazi hospitalini, katika chumba ambamo madaktari hutazama ndani ya tumbo kwa kamera. Siku hiyo zamu yake ilikuwa inaanza saa chache baadaye.

"Hodi jamani. Shikamoo mama," alimwamkia Bibi.

"Marahaba. Njoo mwanangu, ila usitukatishe. Tunamlisha mgonjwa."

"Mgonjwa wa nini?"

Walimweleza wote kwa pamoja. Nesi akaweka kigoda chini.

"Naomba asile tena," alisema. "Hata tonge moja. Wala maji."

Bibi alishika kiuno. "Nimelea watoto mpaka wakaoa. Leo nafundishwa kulisha?"

"Mama, mimi ni mtoto wako, siwezi kukufundisha kulisha," Nesi alijibu kwa upole. "Lakini kazini kwetu haya tunayaona. Chakula hakiusukumi msumari. Kinamfungia daktari njia. Dada, unapumua vizuri? Unaweza kumeza mate? Kuna maumivu?"

"Napumua. Nameza mate sawa. Siumwi popote," Fundi alisema. "Naogopa tu."

"Basi nimtapishe?" aliuliza Sponji, tayari ameinua vidole viwili.

"Hapana! Ncha ikirudi juu itachana koo. Usimtapishe, usimpe dawa ya kuharisha, usimpe chochote. Mpeleke hospitali sasa hivi, hata kama haumwi. Tena chukua msumari mwingine wa aina hiyo hiyo, daktari auone."

Sponji aliufunga msumari mmoja kwenye kipande cha kitambaa. Bibi alibaki amesimama na ndizi mkononi. Kisha aliiweka chini, akamfunga mkwewe kitenge kiunoni kwa mikono yake mwenyewe, akakaza vizuri.

Hospitalini walimpiga Fundi picha. Daktari, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, aliiweka picha kwenye mwanga. Mbavu zilionekana, na uti wa mgongo. Chini ya mbavu, upande wa kushoto, kulikuwa na kitu kidogo cheupe chenye kichwa na ncha. Sponji alikitambua kabla ya kuonyeshwa.

"Habari njema ni kwamba haukuingia njia ya hewa," daktari alisema. "Uko ndani ya mfuko wa tumbo. Hapo naweza kuufikia kwa kamera, bila kupasua. Umekula nini leo?"

"Mkate na ndizi," Fundi alisema.

"Kiasi gani?"

Fundi alimtazama mumewe. Sponji alitazama sakafu. "Vya kutosha," alisema.

Daktari alishusha pumzi. "Ungekuja tumbo tupu, muda huu ningekuwa nautoa. Sasa kamera ikiingia itaona mkate tu. Tena chakula kinaweza kupanda na kuingia kwenye mapafu. Itabidi tungoje kishuke."

Waliambiwa wakae kwenye benchi la korido. Fundi aliegemea ukuta, mikono juu ya tumbo. Sponji alikaa ukingoni mwa benchi, kama mtu aliyeketi juu ya springi, lakini safari hii hakuwa anaigiza. Nesi alipoingia zamu yake, alikuja kuwatazama.

"Dada," Sponji alimwambia, "chakula kinaposhuka, si msumari nao utashuka?"

"Hilo ndilo tunalolitazama," Nesi alisema, akakaa kati yao. "Ngoja niwaeleze, maana ukijua kilichomo ndani hofu inapungua kidogo. Mfuko wa tumbo una njia mbili. Juu ndipo chakula kinapoingilia. Chini kuna lango la kutokea, kuelekea kwenye utumbo mwembamba. Lango lenyewe ni pete ya nyama nene, nyama yenye nguvu. Madaktari wanaliita pailorasi. Ni jina la zamani sana, na maana yake ni bawabu."

"Bawabu? Mlinda mlango?"

"Huyo huyo. Na ni bawabu mkali. Ukila mkate, mfuko wa tumbo unaanza kuukanda. Wimbi linatoka juu, linasukuma chakula mpaka langoni. Bawabu anafungua kidogo tu. Anapitisha maji na uji mwepesi. Kipande kikiwa kikubwa kuliko chembe ya mchanga mnene, anafunga. Kinarudishwa nyuma kikandwe tena. Kinarudi, anakikagua, anakifukuza. Mpaka kilainike kabisa."

Fundi alifungua macho. "Kila ninapokula?"

"Kila unapokula, tangu ulipoanza kunyonya. Hata sasa unapoongea nami, anafanya kazi."

"Sasa kwa nini asiache vyote vipite upesi?" Sponji aliuliza.

"Kwa sababu ya huko mbele. Mfuko wa tumbo una tindikali kali. Wenyewe umejikinga kwa ute, lakini utumbo hauwezi kuipokea kwa wingi. Nyongo na maji ya kongosho vinaipunguza makali, na kazi hiyo haifanywi kwa pupa. Kwa hiyo utumbo unatuma ujumbe kwa bawabu: 'Ngoja kwanza, cha mwanzo hatujakimaliza.' Naye anangoja. Ukila mafuta mengi, anangoja zaidi."

"Wanaongea!" Sponji alisema. "Ndani ya mke wangu kuna watu wanaongea, mimi sijui."

Nesi alicheka. "Hawana mdomo, lakini wanaelewana kuliko sisi."

Fundi alikuwa akifikiri. Kazi yake ilikuwa imemzoesha kutafuta mwisho wa kila jambo. "Mbegu za matunda nazimeza nzima," alisema. "Hazikandiki. Zinatokaje?"

"Swali zuri. Chakula kikiisha, tumbo likibaki tupu, zamu inabadilika. Linakuja wimbi jingine, lenye nguvu nyingi, linafagia kutoka juu hadi chini. Wakati huo bawabu anafungua lango wazi. Mbegu, nyuzinyuzi, takataka zote zilizokataliwa, zinafagiliwa nje. Ile ngurumo mnayoisikia tumbo likiwa tupu, mnadhani ni njaa inalia. Mara nyingi ni ufagio unapita."

Watu walipita mbele yao koridoni, kila mtu na mambo yake, na Sponji aliwatazama matumbo yao mmoja mmoja. Mzee mwenye bakora. Mama aliyebeba mtoto. Askari wa getini. Kila mmoja alikuwa na lango ndani yake na hakuna aliyelifikiria.

Kisha akaelewa jambo jingine, akamgeukia Nesi.

"Dada. Huo ufagio ukija... utaufagia na msumari."

"Unaweza," Nesi alisema. "Sitakudanganya. Misumari mingi ikipita lango hupita salama mpaka chooni. Lakini mingine hutoboa utumbo. Utumbo ni mrefu, una kona nyingi, na kamera yetu haifiki huko. Ukipita, atalazwa, tumpige picha kila siku, na mambo yakiharibika apasuliwe. Ndiyo maana daktari anataka kuingia katikati: chakula kiwe kimepungua, na ufagio uwe haujapita."

"Kumbe ndizi zangu."

"Ndizi zako zimetuchelewesha. Lakini muda huu bawabu bado ana chakula mkononi, na msumari hataki kuupitisha. Tumuombe aendelee hivyo kidogo."

Nesi aliitwa, akaondoka. Sponji alimgeukia mkewe. Aliweka kiganja juu ya tumbo lake, taratibu, akainama karibu.

"Bawabu, mzee wangu," alinong'ona. "Shikilia hapo hapo. Usifungue. Nakuomba."

"Unaongea na tumbo langu mbele za watu?" Fundi aliuliza.

"Naongea na mlinzi wako."

Fundi alitaka kucheka, machozi yakamtoka badala yake. "Nisipotoka salama, Kadogo nani atamfundisha kazi? Wewe kuvuta kitambaa hujui."

"Utatoka," Sponji alisema. Hakuwa na hadithi yoyote ya kuongeza.

Walikaa hivyo mchana kutwa. Jua lilikuwa limehamia upande wa pili wa dirisha, ndipo tumbo la Fundi liliponguruma. Ilikuwa ngurumo ndogo tu, ambayo siku nyingine hata mwenye tumbo asingeisikia. Sponji aliruka kutoka kwenye benchi.

"Ufagio!" alipiga kelele koridoni. "Dada Nesi! Ufagio umeanza!"

Watu waligeuka kumtazama. Mfanyakazi wa usafi aliyekuwa akifagia alitazama ufagio wake. Lakini Nesi alielewa. Fundi alipigwa picha ya pili haraka. Msumari ulikuwa bado umo ndani ya mfuko wa tumbo, ila sasa ulikuwa umeshuka sana, uko karibu na lango.

"Tunaingia," daktari alisema.

Walimpulizia Fundi dawa ya ganzi kooni, wakamlaza upande wa kushoto. Aliomba mkono wa mumewe. Daktari alimtazama Sponji, akamtathmini. "Utasimama pale, hutagusa kitu, hutaongea. Ukihisi kizunguzungu, kaa chini sakafuni."

Sponji alivalishwa joho la hospitali. Alishika mkono wa mkewe. Mpira mwembamba mweusi wenye taa na kamera mwishoni ulipita kinywani, ukashuka kooni. Kwenye kioo cha runinga iliyokuwa mbele yao, giza lilifunguka.

Sponji alikuwa ameishi na mwanamke huyo, amelala naye kitanda kimoja, amemwona akizaa. Alidhani anamjua. Sasa alikuwa anaona chumba cha rangi ya waridi, chenye kung'aa kwa ute, kuta zake zimejaa mikunjo laini. Kuta zilikuwa zinatembea. Wimbi lilianzia juu, likabana ukuta pande zote, likateremka polepole bila kuharakishwa na mtu. Halafu likaja jingine nyuma yake. Vipande vichache vya mkate vilielea, vikabebwa.

Kamera ilisogea mbele. Mwisho wa chumba kulikuwa na duara. Lilikuwa limefumba, pete ya nyama nene na katikati alama ndogo tu. Wimbi lilipofika, duara likafumbuka. Shimo jeusi likaonekana, si pana kuliko kidole. Maji ya uji yakapenya. Duara likafumba tena, kimya.

"Huyo ndiye," Nesi alisema.

Sponji alisahau kwamba amekatazwa kuongea. "Nani anamwamrisha?"

"Hakuna," daktari alijibu bila kugeuka. "Hata mgonjwa mwenyewe hawezi. Ukimwambia afungue, hafungui. Ukimwambia afunge, hafungi."

Likafumbuka. Likafumba. Sponji alijisikia mdogo, kama mtu aliyeingia nyumba ya ibada bila kujua na kukuta ibada inaendelea. Lango hili lilikuwepo siku aliyomposa. Lilikuwepo kila asubuhi alipompa chai na kila alipomuudhi. Halikuwahi kusifiwa na mtu, na halikuacha kazi hata siku moja.

"Ule pale," daktari alisema.

Msumari ulikuwa umelala mbele ya lango. Ncha ilikuwa imeelekea shimoni.

Daktari alipitisha koleo jembamba ndani ya mpira. Kabla halijafika, wimbi lilikuja. Msumari ukainuka, ukasogea. Lango likafumbuka, pana kuliko mwanzo. Ncha ikaingia. Mkono wa Fundi ukabana mkono wa Sponji, ingawa hakuwa anaona kioo. Koleo likafunguka, likakosa, likafunguka tena, likadaka kichwa cha msumari. Wakati huo huo lango likafumba. Nusu ya msumari ilikuwa upande huu, nusu upande wa pili.

"Vuta!" Sponji alisema.

"Hapana," daktari alisema. "Nikivuta sasa, ncha itamchana. Mlango ni wake. Tunangoja afungue mwenyewe."

Wakangoja. Daktari, pamoja na usomi wake wote, alikuwa amesimama mbele ya mlango mdogo kama mgeni aliyepiga hodi. Mashine ililia taratibu. Hakuna aliyepumua kwa nguvu. Kwenye kioo nyama ile nene iliushika msumari, ikatetemeka kidogo, ikatulia.

Kisha likafumbuka.

Msumari ukatoka. Koleo likaurudisha kwenye kofia ndogo ya plastiki iliyovishwa mwisho wa kamera, ncha ikiwa nyuma ili isikwaruze njia. Daktari alilitazama lango mara ya mwisho. Palikuwa na alama moja nyekundu, ndogo kama ya kucha, bila damu ya kutisha. Lango likafumba, likafumbuka, likaendelea na kazi yake kana kwamba hakuna lililotokea.

Mpira ulipotoka kinywani, Sponji alikuwa amekaa sakafuni. Hakuwa na kizunguzungu. Alikuwa analia, analia kwa sauti, na hakuona haya.

"Umetoka?" Fundi aliuliza kwa sauti ya kukwaruza.

"Umetoka. Mama Kadogo, nimeona... nimeona..." Akashindwa.

Walimlaza hospitali usiku huo ili waangalie kama kuna maumivu au homa. Havikuwepo. Kesho yake waliruhusiwa, wakamkuta Bibi ameketi mlangoni, Kadogo ubavuni pake. Bibi aliinuka, akamshika mkwewe mashavu kwa viganja viwili.

"Nilikulisha kwa mapenzi," alisema. "Kumbe nilikuwa nakuzibia njia. Nisamehe, mwanangu."

"Mama, hukujua. Nami sikujua," Fundi alisema. "Na mimi ndiye niliyeweka misumari mdomoni. Wewe hukuniwekea."

Bibi alimgeukia mwanawe. "Nasikia umeona ndani. Hebu nieleze."

Sponji alieleza. Safari hii hakuigiza mtu, hakuongeza chumvi. Alisema alichokiona: chumba, mawimbi, lango linalokagua kila tonge. Alifumba ngumi akaifumbua kidogo, akaifumba. Kadogo akamwiga. Bibi alisikiliza, kisha akaweka mkono juu ya tumbo lake mwenyewe, chini ya mbavu.

"Na mimi ninaye?"

"Kila mtu anaye, mama."

"Hata katika umri huu bado anafanya kazi?"

"Bado."

Bibi alipapasa tumbo hapo hapo. "Nimemlisha miaka yote hii," alisema, "tena vitu vigumu, tena kwa haraka. Hajanilalamikia hata kidogo." Jioni ile alitafuna chakula chake polepole sana, na mtu akiongea naye alimwashiria angoje.

Fundi alirudi bandani alipopata nafuu ya koo. Jambo la kwanza, alitafuta mkono wa tatu. Nyumbani kulikuwa na redio mbovu. Sponji alifungua spika yake, akatoa sumaku. Fundi aliishonea ndani ya mkanda mpana wa kitambaa cha kochi, akaufunga kwenye kifundo cha mkono wa kushoto. Alipomwaga misumari juu yake, yote ilinasa, vichwa na ncha. Vidole viliichukua mmoja mmoja, upesi kuliko zamani.

Nesi alipokuja kuchukua kigoda chake, aliusifu mkanda, akawaonya jambo moja. "Sumaku yenyewe msiiache mahali ambapo mtoto mdogo anaweza kuichezea. Na zile betri ndogo za duara, za saa na za vidude vya watoto, ndizo mbaya kupita msumari. Mtoto akimeza betri au sumaku, msingoje aumwe. Mkimbizeni hospitali saa ile ile."

Habari ya mkanda ilienea. Fundi viatu wa pembeni, aliyekuwa akibana misumari kwa midomo, aliomba ashonewe wake. Fundi cherehani aliacha kung'ata pini, akazichomeka kwenye kimto kidogo alichokifunga mkononi. Yeyote aliyeuliza sababu, Sponji alikuwa tayari kumweleza habari za bawabu, na waliosikiliza waliondoka wameshika matumbo yao.

Lakini hadithi za kuchekesha hakusimulia tena bandani. Alikata sponji kimya. Mkewe alivumilia, akavumilia, mwisho akaweka nyundo chini.

"Baba Kadogo, umekuwa bubu?"

"Nilikaribia kukuua kwa mdomo wangu."

"Mdomo uliotaka kuniua ni wangu, uliojaa misumari. Tazama." Fundi alifungua kinywa chake wazi, akamwonyesha ulimi na meno mpaka magego. "Kuna kitu humo?"

"Hakuna."

"Basi sema."

Sponji alisitasita. Kisha akainuka, akakaa juu ya fremu tupu, akakunja uso, akainua tako moja polepole.

Fundi alicheka. Alirudisha kichwa nyuma akacheka kwa kinywa chote, kicheko kikubwa kilichotoka tumboni, kikajaza banda, kikafika barabarani. Kadogo aliacha kufagia akamtazama. Tangu azaliwe alikuwa amemwona mama yake kazini akichekea puani tu, midomo imebana.

Bibi alitoka ndani mbio, kitambaa cha kichwa kimemteleza. "Kuna nini tena? Nani anapiga kelele?"

"Hakuna kitu, Bibi," Kadogo alisema. "Ni mama anacheka."

Bibi alisimama mlangoni, akasikiliza vizuri. "Ana sauti nzuri," alisema.